Sikio la Dereva wa Kitonga

Pale Ipogolo, chini ya kilima ulikojengwa mji wa Iringa, yupo mzee mmoja aliyemaliza umri wake wa kazi nyuma ya usukani wa lori. Jioni hukaa barazani kwake, ameipa barabara kuu mgongo, na malori ya Mbeya na Tunduma yanapita nyuma yake yakivuta mizigo. Ukimsalimu kwa kamwene ataitikia vizuri, kisha atanyanyua kidole kukuomba unyamaze kidogo, maana kuna gari linapanda. "Huyu amechelewa," atasema. Mara utasikia gia zikisagana, injini ikikohoa, na lori likianza upya kwa tabu. Linalofuata likipita atatikisa kichwa kwa kuridhika: "Huyu kafundishwa." Hageuki kutazama. Kila anachotaka kujua kuhusu mtu aliyeshika usukani kinamfikia kwa masikio.

Nimekaa naye mara nyingi, na kila nikiondoka nahuzunika. Ujuzi alionao haukuandikwa popote. Aliupata kwa miaka mingi ya kubanwa kwenye kabini ya lori, akiwa utingo kwanza na dereva baadaye, na sasa waliokuwa nao wanazikwa mmoja mmoja huko Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala na Mbalizi. Nataka kuusifu ujuzi huo wakati bado kuna wa kuuthibitisha.

Wengi wetu tunaamini kwamba nguvu ya gari iko kwenye kelele zake: ukitaka nguvu zaidi, kanyaga mafuta zaidi, injini ilie zaidi, gari litavuta zaidi. Madereva wa zamani wa Nyanda za Juu Kusini walijua kwamba sivyo. Walijua kuwa nguvu ya kuzungusha, ile ambayo mafundi wa shule wanaiita torki, ina makao yake ndani ya injini, na makao hayo hayako juu kabisa kwenye mizunguko mingi wala chini kabisa. Yako katikati, na katika injini kubwa za dizeli yako karibu na chini kuliko mgeni anavyodhani, aghalabu kati ya mizunguko 1,000 na 1,400 kwa dakika. Ukipita hapo kwenda juu, injini inapiga kelele zaidi na kuzunguka kwa kasi zaidi, lakini kila mzunguko unabeba nguvu pungufu.

Chukua Land Cruiser ya zamani, ile ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, gari la hospitali za misheni na ofisi za wilaya kuanzia Kilolo mpaka Rungwe. Kwa takwimu za kiwanda, injini yake hutoa torki ya Nm 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200. Uwezo wake mkubwa, kilowati 96, unapatikana kwenye mizunguko 3,800. Piga hesabu, utakuta kwamba kwenye mizunguko hiyo 3,800 torki imeshuka hadi karibu Nm 241. Gari linakwenda kasi zaidi kwa sababu mizunguko ni mingi, huku mkono wa injini umelegea. Sababu ni pumzi. Kwenye mizunguko 2,000 silinda ina sekunde 0.015 tu za kuvuta hewa. Kwenye mizunguko 4,000 muda huo unakatwa nusu. Hewa haiwahi kujaa, mafuta hayawahi kuungua vema, na misuguano ya vyuma inaongezeka na kujilia sehemu yake. Huko chini kabisa nako kuna shida zake: joto linapotelea kwenye kuta za silinda, na injini yenye turbo haina moshi wa kutosha wa kuizungusha turbo hiyo.

Kutokana na umbile hilo ndipo unapozaliwa muujiza mdogo ambao dereva mzuri aliujua kwa mwili wake. Lori linapoanza kupanda likiwa kwenye mizunguko mingi, mlima unalipunguza mwendo, na injini nayo inapungua mizunguko. Lakini kadiri inavyopungua, torki inapanda. Injini inazidiwa na papo hapo inaongeza nguvu, inajikaza. Ukiwa na subira, ukaiacha ishuke mpaka kwenye makao yake, itaushika mlima na kutulia hapo kwa mlio mzito ulio sawa. Ukiiacha ipite hapo, torki nayo inaanza kuanguka, na sasa mambo mawili yanaanguka pamoja. Kutoka hapo hadi kuzimika ni kitambo kifupi sana. Sanaa yote ya kupanda Kitonga, mlima ulio kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, ilikuwa kuujua mpaka huo: kutobadilisha gia mapema kwa woga, na kutochelewa kwa kiburi.

Barabara yenyewe iliwalazimisha kujua. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru wake, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha mafuta na shaba yake kusini, ikajikuta imebanwa. Njia ikatafutwa huku kwetu. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori ya Fiat kutoka Italia yakaanza kukata Morogoro, Iringa na Mbeya, mafuta yakienda na shaba ikirudi. Barabara ilikuwa ya udongo. Masika ilikuwa tope, kiangazi vumbi la kumfanya mtu asione tela lake mwenyewe, na ikapewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 mzigo ulipungua kidogo, lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini madereva waliosomeshwa na udongo ule walikuwa wameshafuzu, nao wakawafundisha waliofuata.

Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa hao waliofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliendesha Fiat kuukuu, 682 N3, yenye injini ya silinda sita na lita 10.7, isiyo na turbo, nguvu yake haifiki farasi 200. Leo lori la mizigo la kawaida lina zaidi ya mara mbili ya hizo. Likizo za shule nilipanda naye. Tulitoka Dar es Salaam na mbolea ya wakulima wa Mbeya na Iringa, tukarudi na mahindi. Dashibodi ilikuwa na shimo palipokuwa na geji, na geji ya mizunguko sikumbuki kuiona kabisa. Mjomba hakuwahi kuilalamikia.

Tulikuwa tunafika Ruaha Mbuyuni jua likiwa kali, mibuyu imesimama pande zote na akina mama wamepanga vitunguu kando ya barabara. Hapo alisimama, akagonga matairi, akajaza maji ya rejeta, akanywa chai bila haraka. Utingo alihakikisha kabari mbili za mti mgumu ziko karibu na mlango. Kisha tukaingia Kitonga, ukuta wa mlima kushoto, bonde kulia, na nyani wakitutazama kutoka kwenye kingo za barabara.

Mjomba alizima redio. Alishusha kioo chote, hata kama kulikuwa na vumbi, akatoa kiwiko nje, na sura yake ikabadilika. Alikuwa anasikiliza. Injini ilianza kwa sauti ya juu, ikateremka polepole, ikawa nzito, ikawa nzito zaidi, mpaka nikauhisi mtetemo wa kiti ukipanda mgongoni. Mimi kila mara nilidhani inakufa. "Mjomba, linazimika!" nilimwambia. "Bado, mjomba," alijibu. "Sasa ndiyo linavuta. Sikia." Na kweli lilikuwa linavuta. Mlio ulikuwa umeacha kushuka. Lori lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, likiwa na mbolea yote ile nyuma, na halikutetereka. Kisha kona ikaja, mlima ukakaza, na nikasikia badiliko dogo ambalo nisingeweza kulieleza wakati ule: mapigo ya injini yalianza kuhesabika. Hapo mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye gia.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko kukisimulia. Giaboksi za zamani hazikuwa na kitu cha kuzilainishia meno. Gia ya chini ilikubali kuingia pale tu kasi ya injini ilipolingana na kasi ya shafti. Kwa hiyo alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akaipa injini mafuta kidogo ipande mizunguko, akakanyaga klachi tena, akaingiza. Hiyo ndiyo klachi mbili. Kwenye barabara tambarare mtu hujifunza kwa wiki kadhaa. Mlimani ni habari nyingine, kwa sababu lori linapoteza mwendo kila nukta unapokuwa nje ya gia, na ile kasi unayotakiwa kuifikia inasogea chini wakati unaitafuta. Unalenga shabaha inayokimbia, kwa sikio, mguu wa klachi ukikanyaga mara mbili. Ukikosa mara ya kwanza, huna ya pili: lori limesimama, breki ndiyo tegemeo, na utingo ameshajirusha chini na kabari kuziweka nyuma ya matairi kabla tani zote zile hazijaanza kurudi nyuma.

Sikuwahi kuona kabari za mjomba zikitumika Kitonga. Nilichosikia ni mlio mmoja mfupi wa juu katikati ya ukimya, kisha gia ikaingia bila sauti yoyote, na injini ikaanza tena kutoka juu kushuka kwenda kwenye makao yake. Wakazi wa vijiji vya pale juu walikuwa wakimtambua dereva usiku kwa mlio huo tu, wakisema kesho fulani atakuwa Makambako. Ujuzi wa mtu ulikuwa na sauti, na sauti hiyo ilikuwa jina lake.

Halafu kulikuwa na hewa. Iringa na Mbeya ni miji ya juu. Mbeya iko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani asilimia 15. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu, maana inachoma inachokivuta. Madereva wale hawakuwa na hesabu hizo, lakini walijua kwamba gia iliyotosha kwenye kilima cha Morogoro haitatosha Uyole, na kwamba ukiongeza mafuta mahali ambapo hewa imepungua utapata moshi mweusi tu. Walikuwa na ramani nzima ya barabara kichwani mwao iliyochorwa kwa gia: hapa ya tatu, pale kwenye daraja punguza, kona ile usiiingie na ya nne hata kama inakubali.

Kushuka kulidai elimu ya kinyume. Anayepanda anaiacha injini ipungue mpaka inapokaza. Anayeshuka anaitaka izunguke sana, kwa sababu injini iliyonyimwa mafuta inakuwa breki, na ukinzani wake unaongezeka kadiri inavyozungushwa kwa kasi. Gia nzito inaukuza ukinzani huo kabla haujafika kwenye magurudumu. Ndiyo maana kanuni ya wazee ilikuwa fupi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na iingize ukiwa bado juu. Neno la mwisho ndilo zito. Lori likishashika kasi kwenye mteremko, gia nzito haiingii tena. Ingehitaji injini izunguke kupita uwezo wa vyuma vyake. Dereva anayeikumbuka akiwa katikati ya mlima anatoa gia aliyonayo, anaikosa anayoitaka, na anabaki hana gia yoyote. Kilichobaki ni breki peke yake.

Na breki ina mwisho wake. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara zetu, likishuka mita 100 tu za wima, linaachia nishati inayotosha kuchemsha ndoo nane za lita 20 za maji baridi. Joto hilo lote lazima liende mahali. Injini ikilibeba, linatoka kwa rejeta na kwa moshi. Injini isipolibeba, linakwenda kwenye ngoma za breki, na ngoma zikishawaka dereva anakanyaga pedeli na gari halisikii. Mtu akitoa gia mteremkoni ili aokoe mafuta, anaokoa kitu asichokitumia: injini ya kisasa iliyo kwenye gia, dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta, haipulizi mafuta kabisa. Ameiuza breki yake kubwa kuliko zote kwa faida ambayo haipo.

Wakazi wa Mbeya hawahitaji kuelezwa ninachosema. Mteremko wa Inyala wanaujua. Simike wanaijua, kwa msiba wa ajali ya Juni 2024. Mlima Iwambi, unaoteremka kuelekea Mbalizi, wanaujua zaidi: Juni 2025 watu 28 walipoteza maisha pale katika ajali moja, lori likiwa limeshindwa kujizuia kwenye mteremko. Ajali huwa na sababu nyingi, na sina haki ya kumhukumu mtu yeyote aliyekuwa kwenye usukani siku hizo. Ninachosema ni kwamba milima hii haikuota jana. Malori mabovu kuliko ya leo, yenye breki dhaifu kuliko za leo, yaliishuka kwa miongo, na wengi wa waliokuwa wakiyaendesha walifika nyumbani.

Magari mapya yana mazuri yake. Mengi yana turbo, na kompyuta inayoisambaza torki iwe karibu sawa kutoka mizunguko 1,000 hadi 1,400 au zaidi, kiasi kwamba ule mpaka mjomba aliousikiliza hausikiki tena. Giaboksi nyingi zinajichagulia gia zenyewe. Kabini imefungwa vioo, kiyoyozi kinapuliza, muziki unapigwa. Dereva anafika juu ya Kitonga bila kujua kwamba amepanda. Hapo ndipo hatari ilipojificha, na sijasikia inasemwa inavyostahili: kanuni ya gia uliyopandia ilifaa kwa lori la farasi 180. Lori la farasi 460 linapanda kilima hicho hicho kwa gia nyepesi, likiwa na nguvu za ziada, na ukilishusha kwa gia hiyo hiyo halitazuilika, kwa kuwa uwezo wake wa kuvuta umekua kupita uwezo wake wa kujizuia. Leo inabidi kushuka kwa gia nzito kuliko ya kupandia, pamoja na breki ya moshi inayoibana injini. Kanuni ilizeeka, na waliostahili kuirekebisha hawakuulizwa.

Hata kwenye magari madogo uzembe ni ule ule. Barabara ya Tukuyu na ile ya kwenda Chunya zimejaa vigari vya otomatiki, na kwenye wenzo wa gia wa vigari hivyo mna herufi au namba ya kulizuilia gari mteremkoni: L, B, 2. Waulize wenye magari ni za nini. Wengi wataishi na gari hilo mpaka waliuze bila kuigusa herufi hiyo hata siku moja, na huku harufu ya breki inawasalimia kila wakifika chini.

Utingo wa zamani alikuwa mwanafunzi. Alifua, alipakia, alilala chini ya tela, na kwa miaka alisikia injini ikipanda na kushuka kabla hajaruhusiwa kugusa usukani, tena kwenye tambarare, tena gari likiwa tupu. Alipokabidhiwa lori, sikio lilikuwa tayari. Sasa kijana anapata leseni ya daraja E baada ya mafunzo mafupi, anapewa ratiba isiyo na nafasi ya chai ya Ruaha Mbuyuni, na tajiri anayehesabu lita za mafuta kwenye simu. Tunamtuma Tunduma, kisha tunashangaa.

Nilimwuliza yule mzee wa Ipogolo kama kuna kijana aliyewahi kuja kumwomba amfundishe. "Wanakuja kuniuliza habari za Kaunda wa Zambia," alisema, "na shaba, na zile siku za matope. Gia hawaniulizi." Vyuo vya VETA viko Iringa na viko Mbeya, umbali wa nauli ya daladala kutoka kwenye baraza za wazee wa namna yake. Ingetosha kumweka mmoja wao kwenye kabini, pembeni ya mwanafunzi, redio ikiwa imezimwa na kioo kimeshushwa, kuanzia Ruaha Mbuyuni hadi Ilula na kurudi. Kila mwaka tunaoupitisha bila kufanya hivyo, tunawarithisha vijana wetu milima ile ile, malori mazito zaidi, na maarifa machache kuliko tuliyorithishwa sisi.